Lester Aliogopa, Shangazi

Shamba la Trembath,
Kadina,
Australia Kusini.
14 Oktoba 1945

Mpendwa Shangazi Thirza,

Pokea salamu zetu. Kifua chako kinaendeleaje? Natumai huko Uingereza, hapo Cornwall, mmeanza kuona tena nyama na sukari baada ya vita. Sisi ni wazima wa mwili. Shayiri imekomaa mapema, na Baba anavuna peke yake kwa kuwa hataki kibarua. Mama anakula kidogo sana.

Barua yako ya Julai ilifika. Bahati nzuri niliichukua mimi posta. Mama hakuiona, wala hataiona.

Unasema umeshindwa kuendelea kunyamaza. Kwamba kaka yangu Lester, alipokuja kwako likizo yake ya mwisho, alikaa jikoni hata chai ikapoa mbele yake, akakwambia, "Shangazi, siwezi tena. Nikirudi nitamwomba daktari anizuie kurusha ndege." Nawe ukamjibu, "Wanaokataa kuruka huandikwa waoga, mwanangu. Utamtazamaje baba yako usoni?" Akarudi kikosini Jumatatu. Alhamisi ndege yake ikaanguka Ujerumani.

Niliisoma nimesimama barabarani. Kama ungekuwa karibu, ningekutukana.

Hujui alivyoingia jeshini. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na ilibidi mzazi atie saini. Mama alikataa katakata. Baba akaondoka naye siku ya mnada wa kondoo, akatia saini, wakarudi na keki ya zafarani kana kwamba hiyo ndiyo waliyoifuata. Mama alipojua alisema, "Umenitolea mwanangu sadaka, Howard." Keki ile ikaliwa na kuku.

Nami si safi. Siku anaondoka nilimkumbatia stesheni nikamwambia, "Usituaibishe huko, mwoga mkubwa we!" Nilikuwa namtania. Hakucheka.

Mwezi uliopita alitujia Colin Haggerty, aliyekuwa mpiga bunduki wa mkiani kwenye ndege ya Lester. Wanajeshi saba walipanda, ni yeye tu aliyepona, na ametoka kifungoni Ujerumani juzijuzi. Alitueleza kwamba bawa liliposhika moto, Lester aliing'ang'ania ndege isipinduke ili wenzake waruke kwa miavuli. Colin mwenyewe aliganda kwa hofu. Akamsikia Lester kwenye simu ya ndani akifoka, "Ruka, Colin, bwege we! Unangoja ulipwe nauli?"

Baba akapiga meza kwa fahari. Colin akamtazama, akasema polepole, "Mzee, alikuwa anaogopa kila safari. Alikuwa anatapika nyuma ya gari kabla hatujapanda ndege. Halafu anapanda."

Baba alisikia ile nusu ya ushujaa tu. Jumapili iliyopita akasimama kanisani kuomba liwekwe bamba la shaba lenye jina la Lester ukutani. "Kijana wangu hakujua woga," akasema. Watu wakaitikia amina.

Mama akainuka. Unajua Mama asivyopenda kuonekana. "Aliogopa, Howard," akasema. "Alikuwa mtoto, akaogopa, na hapakuwa na hata mmoja wetu aliyemruhusu kuogopa."

Baba akakaa chini kama gunia lililofunguliwa. Mchungaji alitaja wimbo, hakuna aliyeuanza. Tulirudi nyumbani kwa miguu, Mama mbele, Baba nyuma, mimi katikati bila kujua nimfuate nani, nimsubiri nani.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, Shangazi, na sikubembelezi. Ulichoniandikia mimi usimwandikie Mama kamwe. Yeye anaamini kwamba kwako ndiko mwanawe alikopumzika mara ya mwisho, kwamba ulimpa chai na blanketi, ukamwacha alale. Kila akikutaja uso wake hulainika kidogo, na siku hizi haulainiki kwa lingine lolote. Mwachie hilo. Ukweli tuubebe mimi na wewe, hata kama ni mzito.

Msalimie Mjomba Jory, na Morwenna na watoto wake. Mungu akupe usingizi, Shangazi, maana hapa kwetu hajautuma bado.

Wako, ninayejitahidi kukupenda kama zamani,
Verna