Dhania Iliyong'olewa

Mbotela, Nairobi
Juni 1979

Mpendwa mama mkwe,

Huku mvua imetosha, na mjukuu wako ameota meno mawili. Anauma kila kitu.

Wale wadudu uliowaona kwenye dhania yangu nyuma ya nyumba, Mama, hawakuwa nyigu. Ni nzi tu wenye mistari, hawana mwiba. Hufyonza utamu wa maua na kuyachavusha, na funza wao hula vidukari kwenye sukuma wiki. Ndiyo maana niliiacha dhania ichanue. Wewe uliing'oa yote ukihofia mtoto ataumwa, na Masinde alipotoka kazini akakufokea mbele ya majirani. Ukaondoka hata chai hujaimaliza.

Baadaye vidukari wakaharibu mboga yote. Masinde akapanda dhania upya, yeye mwenyewe. Sasa imechanua na nzi wamerudi. Juzi alimwona mmoja amesimama hewani, akasema, "Huyu, Mama angemfukuza kwa leso." Chakula kikamshinda.

Hatakuandikia, mwanao unamjua. Lakini dhania ipo, Mama. Njoo, hata ukiing'oa tena.

Mke wa mwanao,
Khavere