Machozi ya Madam Chepkwony

Deepa, nimekupigia mara tatu hushiki. Kwa Madam Chepkwony sirudi tena, hata kama ni bosi wangu.

Ile sinema ya zamani ya Kihindi uliyoniazima, ya familia maskini, tumeiangalia leo mchana kwake Milimani. Tulikuwa wanane, wote wa ofisi. Watu wamelia! Yule mama alipouza sufuria yake ya mwisho, Kibii akasema, "Umaskini wao uko na urembo." Urembo, Deepa!

Sasa sikia. Mama Gathoni, yule anampikia Madam, alikuwa ameleta chai, akasimama mlangoni akiangalia. Si unajua nyumba yake ilichomwa Januari kwa zile fujo za uchaguzi na mpaka leo analala kwa hema? Alikuwa analia bila sauti. Madam, na machozi yake bado yako kwa mashavu, akamwambia, "Sogea, unatuzibia."

Unatuzibia!

Nikasimama. "Madam, unamlilia mtu wa kwa TV na huyu unamfukuza?" Kibii akajifanya anatafuta simu. Madam akaniambia, "Jerop, chukua kibeti chako uende."

Nikatoka. Mama Gathoni akanifuata mpaka geti, nikadhani anakuja kunishukuru.

"Nani alikutuma?" akaniuliza. "Wewe unaenda kwako. Mimi narudi huko ndani kuosha vikombe vyao. Nikifutwa kazi, watoto wangu watakula hayo maneno yako?"

Nikasema pole tu, Deepa. Akanifungia geti.