Korosho Zinaokotwa Chini

Jumanne. Joto kali, upepo umegoma tangu asubuhi. Nimelala chali hapa nyumbani Naliendele, mguu wa kulia umo ndani ya plasta ngumu na unawasha mahali nisipoweza kujikuna.

Daktari anasema mfupa umekaa vibaya. Nisipowekewa chuma mapema utaunga hivyohivyo, na mguu utabaki mfupi. Chuma kinasubiri bima. Bima imekataa.

Blogu hii haina jina langu, kwa hiyo nitasema.

Sikuanguka mkorosho.

Mimi ni lipiko. Ndiye yule mwenye kinyago anayecheza juu ya miti mirefu kuliko mlango wa nyumba. Kwetu Wamakonde, lipiko hana jina. Mwanamke hatakiwi kujua nani yumo ndani, wala mtoto ambaye hajaenda jandoni. Jumamosi ya wiki juzi tuliitwa Mikindani kuwachezea wageni wa hoteli. Mti mmoja ukateleza kwenye sakafu yenye maji, nikaanguka mbele ya watu wote. Wenzangu hawakunivua kinyago. Walinifunika turubai, wakanibeba hadi nyuma ya ukuta, wakanivua kila kitu, ndipo wakatafuta bajaji. Maumivu yalikuwa makali, lakini niliwashukuru kwamba hawakukosea.

Hospitali tulipokelewa na nesi, dada wa kutoka mikoa ya bara. Akauliza nimepatwa na nini. Saidi, mpiga ngoma wetu, akaona mbele yake mwanamke, akajibu haraka kwamba nimeanguka mkorosho nikichuma. Nesi akaandika. Mimi nikaitikia kwa kichwa.

Niliitikia. Simlaumu Saidi.

Sisi hatuna mwajiri. Leo hoteli, kesho harusi, na ukivunjika kila mmoja anakupa pole na kwenda zake. Zuhura, mwimbaji na katibu wa kikundi, alihangaika mwaka mzima mpaka tukapata bima ya ajali, na mimi nilisaini kwa shingo upande. Inalipia ajali ya kwenye maonyesho tu. Karatasi ya hospitali inasema niliumia shambani.

Leo Zuhura ameleta fomu mpya. Alisimama mlangoni, macho pembeni.

“Kaka, watu wa bima wamesema kama kuna kosa lisahihishwe, na katibu aweke sahihi. Nitapita kesho asubuhi.”

Hakuuliza kitu. Nilipompigia Saidi, akasema wazee wakisikia nimejitaja kwa mwanamke, sitavaa tena. Najua. Ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo.

Kisha Mama akaja na uji. Ana mikorosho yake Nanyamba tangu kabla sijazaliwa. Akaitazama fomu kitandani, kisha akanitazama mimi.

“Mwanangu, korosho hatupandi juu kuzichuma. Tunangoja zidondoke, tunaokota.”

Akanishikisha kijiko, akatoka.

Kumbe anajua. Huenda amejua miaka yote, kila alipopiga vigelegele nikipita mbele yake, akijifanya haijui miguu aliyoizaa. Nimelia, sitaficha. Uongo wenyewe ulikuwa wa kijinga, hata mtoto wa Nanyamba angeucheka, na mimi nimeulalia siku zote hizi kwa sababu ya siri ambayo Mama anaitunza vizuri kuliko mimi.

Kesho Zuhura akija nitamwambia kwa mdomo wangu. Naogopa kuliko siku ya kwanza nilipopanda juu ya miti ile. Wazee watachukua kinyago, na wana haki yao. Lakini wakiniachia kinyago na mguu mfupi, nitacheza nini?

Nimeanza kujaza fomu. Jina, nimeandika. Umri, nimeandika. Kwenye kazi kalamu imekaa muda mrefu, uji ukapoa.

Nimeandika: lipiko. Liko hapo, mstari wa tatu, chini ya jina langu.