Usimwachie Mama Mkwe Akujibie kwa Daktari

Mjukuu wangu Neema,

Sisi huku Mtongwe tu wazima, babu yako yuko na kikohozi na malalamiko yake. Waniuliza kama useme mbele ya mama mkwe kwamba ile dawa ya rangi wanayodunga hospitalini ili picha ya ndani ya mwili ionekane iliwahi kukuvimbisha uso. Swali gani hilo, wewe!

Dada yangu Kadzo ilimvimbisha vilevile. Siku ya kupasuliwa nyongo, daktari aliuliza kama kuna dawa inayomdhuru, maana angemtia rangi hiyo aone mirija. Mama mkwe wake akadakia, "Huyu hana neno." Kadzo akainamisha kichwa kwa adabu. Daktari angejua, angetafuta njia nyingine. Hatukurudi naye.

Mazikoni adabu yake ilisifiwa, nami nikaona fahari. Leo yaniuma.

Sema mwenyewe. Akinuna, mwambie nimekutuma mimi.

Nyanya yako