Punje za Ndege wa Matete

Jumamosi, 6 Machi 1971

Jua limezama, Sabato imekwisha, naandika. Bondeni chini ya Ikonge, baada ya ibada. Udongo mzito kwa mvua ya jana. Korongo taji wawili, walewale. Kwarara wanne. Dudumizi mmoja, akilia mfululizo upande wa kijito. Ndege wa matete: hakuna.

Mwaka jana majira haya mfuko wangu wa kushoto ulipata punje kadhaa. Ni utaratibu wa miaka mingi. Mzee mmoja wa kanisa aliwahi kuamua kwamba siku ya Sabato kutembea ni pumziko, bali kuandika ni kazi. Sikubishana. Mimi hubeba punje za mahindi katika mfuko wa kulia, na kila nimsikiapo ndege wa matete huhamishia punje moja kushoto. Huhesabiwa kwa sauti kwa kuwa haonekani kwa urahisi: mdogo, kahawia, mpenda kujificha. Hakai ila penye maji. Kwa hiyo yeye ndiye kipimo changu cha afya ya bonde.

Leo punje zote zimerudi nyumbani katika mfuko wa kulia. Mke wangu Moraa amewarushia kuku.

Jumatano, 10 Machi

Sababu imepatikana. Ombati, mdogo wangu, anachimba mtaro. Anakusudia kukausha upande wake wa bonde ili apande mikaratusi. Matete ya pale juu yamekwisha kufyekwa.

Utotoni tulitumwa pamoja kulinda shamba la wimbi lisiliwe na ndege. Ombati alikuwa hodari wa kombeo. Mimi nilikuwa mlinzi mbaya. Niliwatazama wakila, na baba alinichapa kwa hilo. Nina miaka sitini na mmoja na bado natazama. Ombati naye bado anafukuza.

Nina hasira. Ni hasira yenye ushahidi.

Jumapili, 21 Machi

Kikao cha ukoo, nyumbani kwa mjomba. Wazee watatu. Nilieleza hoja kwa mpangilio. Wakati wa kiangazi ng'ombe wa ukoo mzima hunywa bondeni. Ndege wa matete hukaa penye maji tu. Ndege wameondoka. Basi maji nayo yako njiani kuondoka. Hakuna aliyepinga hoja ya tatu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwahesabu ila mimi.

Ombati aliuliza, kwa lugha yetu: "Mwalimu, hao ndege wako walikuaga? Au waliondoka bila ruhusa ya hedimasta?" Wazee walicheka. Sikucheka.

Uamuzi: mtaro usimame. Miche ya Ombati ya mikaratusi ingali katika vifuko vya magome ya mgomba, mingi, imepangwa vizuri kivulini. Itakauka humo. Alipokuwa akitoka alisimama mbele yangu. "Siku ukifa, waite ndege wako wakuchimbie kaburi. Mimi sitakuwapo."

Nimeshinda. Nimeridhika.

Jumamosi, 27 Machi

Mtaro umesimama. Ndege wa matete: hakuna. Huenda wanahitaji muda.

Jumamosi, 3 Aprili

Niandike kwa utaratibu.

Moraa kwa kawaida huwatembelea wagonjwa alasiri ya Sabato. Leo hakukuwa na mgonjwa wa kutembelewa, akafuatana nami. Tulipofika penye matete upande wangu wa kijito nilisimama na kusikiliza kama nifanyavyo. Kimya. Dudumizi mmoja kwa mbali. Nikageuka niondoke.

"Mbona unaondoka, Baba Kemunto?" akauliza. "Si hawa ndio unaowatafuta?"

Nikamuuliza hawa akina nani.

"Hawa! Wamelijaza bonde kelele kama wanawake sokoni." Akanionyesha kwa kidevu, kisha akaniangalia usoni, na kicheko chake kikakoma.

Niliinua darubini. Unyasi mrefu, karibu kabisa. Ndege wa matete juu yake, dume, mdomo wazi, koo likitetemeka. Aliimba muda mrefu. Sikusikia kitu.

Punje hazikuhama. Sikujua nizihamishe kwa haki gani.

Jumapili, 4 Aprili

Nimejipima. Saa ya mkono sikio la kulia: kimya. La kushoto: kimya mpaka niibane kabisa sikioni. Moraa anaisikia akiwa upande wa pili wa meza.

Kisha nimepitia hesabu za miaka mitatu. Waliopungua katika kumbukumbu zangu ni ndege wa matete, chozi, na wale wadogo wa kichakani ambao sina jina lao. Wasiopungua ni dudumizi, kwarara, korongo. Waliopungua wote wana sauti nyembamba. Waliobaki wote wana sauti nzito. Ningemwonyesha mwanafunzi jedwali kama hili, angeona kosa kabla sijamaliza kulichora.

Hawakuondoka. Mimi ndimi ninayeondoka, sauti baada ya sauti, nikianzia zilizo juu.

Naogopa. Nimeliandika neno ili nilitazame. Halikupungua.

Jumanne, 6 Aprili

Liko suala la pili, na ndilo gumu zaidi. Ushahidi niliowapa wazee haukuwa kweli. Niliutoa kwa nia njema, lakini nia si ushahidi.

Nikinyamaza, mtaro hautachimbwa na matete yatabaki. Nikisema, Ombati atarudi na jembe, na safari hii ndege wataondoka kweli. Uongo unawalinda ndege. Ukweli utawafukuza. Moraa anajua na hajaniuliza nitafanya nini. Ningependa aulize.

Ijumaa, 9 Aprili

Sijaenda kukiri kosa. Sababu ninazojipa ni nzuri, na zote zinanipendelea mimi.

Nimepita kwa Ombati kwa njia ya juu, ya kwenda kituo cha kuuzia chai. Miche imeanza kunyauka pembezoni. Mkewe alikuwa akiinyunyizia maji kwa kata, mmoja mmoja, ingawa wazee wamekwisha kuamua.

Jumapili, 11 Aprili

Pasaka. Majirani Wakatoliki walipita asubuhi na ngoma. Ngoma nilizisikia vizuri. Akina mama walioongoza nyimbo niliwaona tu midomo ikifunguka.

Nilikwenda kwa Ombati. Nilimkuta akinoa panga. Hakunikaribisha kiti, kwa hiyo nilisema nikiwa nimesimama: ndege wapo, hawakuwahi kuondoka, masikio yangu ndiyo yaliyoharibika.

Alicheka mpaka akakohoa. "Yaani umekuwa kiziwi wewe, nikahukumiwa mimi?"

Nikasema ndivyo.

"Rudia, Mwalimu. Nataka mama watoto asikie." Nikarudia. Mkewe alitoka jikoni akasikiliza, kata mkononi.

Kisha Ombati akaacha kucheka. Aliuliza tangu lini. Nikamwambia huenda miaka mitatu. Akaingia ndani, akaleta kigoda.

Jumapili, 18 Aprili

Wazee wamekaa tena. Nimesema yaleyale. Mmoja wao aliuliza kwa sauti kubwa mno, akitamka silabi moja moja, kama nimesikia uamuzi. Nimeusikia. Mtaro umeruhusiwa.

Aibu ipo. Ni ndogo kuliko nilivyokadiria. Hasara ni kubwa kuliko nilivyokadiria.

Jumatano, 28 Aprili

Ombati anachimba. Matete ya upande wake yanalala chini safu kwa safu, na miche iliyopona inapandwa nyuma yake. Mizizi yake mirefu itakunywa maji yaliyobaki. Sina hoja. Ardhi ni yake.

Jioni alikuja hadi uani na jembe begani. Aliuliza ndege wale hulala wapi hasa. Nilimwambia: pembe ya chini, penye mpaka wetu, ambako maji hutuama. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Alhamisi, 6 Mei

Mtaro umefika kwenye pembe ya chini na kupinda. Unaizunguka kwa upana wa nyumba mbili, kisha unaendelea hadi kijitoni. Kupinda huko kumemgharimu kazi ya siku kadhaa kwenye udongo mgumu. Hakueleza. Sikuuliza. Kama maji yatatosha humo wakati wa kiangazi, sijui. Sidhani.

Jumamosi, 8 Mei

Jua limezama, naandika.

Bondeni pamoja na Moraa. Mawingu, bila mvua. Nilimkabidhi punje, akazifunga katika ncha ya leso yake. Tulisimama penye pembe ya chini. Mimi nilitazama. Yeye alisikiliza. Mara kwa mara vidole vyake vilifungua fundo, vikahamisha kitu kutoka mkono huu kwenda ule. Hakunitazama alipofanya hivyo, nami namshukuru kwa hilo.

Nyumbani, baada ya kuwasha taa, ameziweka punje mezani mbele yangu.

Korongo taji wawili, niliwaona. Dudumizi mmoja, nilimsikia mwenyewe. Ndege wa matete watatu, kwa masikio ya Moraa.