Sikio la Dada Levina

Jumamosi, 18 Januari 2025

Dada Levina amekuja kutoka Mngeta bila kupiga simu. Kajitanda kanga hadi nyusi — kwenye joto hili! Ana mimba ya miezi saba. Mama alipomfunua, nilisikia harufu kabla sijaona. Sikio la kushoto linatoa usaha wenye damu. Lukelo, mume wake, alimpiga kofi. Kisa: alicheka na fundi baiskeli.

Alicheka. Basi.

Mama akapasha mafuta ya kula na kitunguu saumu, akayamimina humo sikioni. Levina aliuma mto. Kitabu cha Baiolojia kinasema ngoma ya sikio ni nyembamba sana. Nilikuwa nacho mkononi kabisa. Nilikaa nacho kama bubu.

Jumatatu, 20 Januari

Sikwenda shule. Tumempeleka kituo cha afya. Njiani mama kanifundisha: ukiulizwa, sema dada ameanguka kutoka kwenye dungu la shambani. Tukisema kapigwa, watataka fomu ya polisi, PF3, na polisi watamfuata Lukelo.

Dungu! Mwezi wa kwanza! Mpunga wa watu bado uko kitaluni, nani amepanda dungu kuamia ndege? Hata mtoto wa chekechea wa bonde hili angecheka.

Nesi naye alicheka. "Mama, ndege wa kwenu mwaka huu wamewahi." Mama akacheka. Wakacheka wote wawili, halafu nesi akaandika: ameanguka. Niliiona kalamu ikiandika. Nikaona kinyaa. Na mimi nilikuwepo, nikanyamaza, kwa hiyo kinyaa hicho ni changu pia.

Presha ya Levina iko juu. Ngoma ya sikio imechanika, mafuta marufuku. Arudi Alhamisi, wapime tena presha na mkojo.

Alhamisi, 23 Januari

Hatukwenda. Lukelo amekuja na jogoo.

Jogoo wa kuombea msamaha! Alikaa sebuleni, akasema shetani alimpitia. Baba akasema yaishe, mtoto azaliwe kwa baba yake. Levina hakuulizwa. Alikuwa uani ananyonyoa manyoya ya jogoo huyohuyo, miguu imemvimba hadi kandambili hazimwingii.

Firigisi wakampa Lukelo. Heshima ya mgeni! Nilimtazama akiitafuna, vidole vinang'aa mafuta — vidole vilevile.

"Shemeji msomi, mbona huli? Unamsoma kuku kwanza?"

Baba alicheka mpaka akapaliwa. Nikaenda nyuma ya choo nikatapika. Yalitoka maji tu.

Jumamosi atarudi kumchukua Levina, waondoke na basi la saa nne.

Ijumaa, 24 Januari

Shule. Jaribio la Jiografia. Sikumbuki nilichojibu.

Jioni nilimuuliza Levina kama anataka kurudi. Akasema nihamie upande wa kulia, hakusikia. Nikauliza tena.

"Bibiana, nguo nimeshafua."

Hilo ndilo jibu!

Jumamosi, 25 Januari

Niko kwenye benchi la hospitali. Nilitoka na mkoba wa shule bila kufikiri, daftari limo. Naandika haraka.

Asubuhi Levina alishindwa kufunga zipu ya begi. Alikuwa anaipapasa kama mtu aliye gizani. Kichwa kinampasuka, anaona nyotanyota. Nikachukua kadi yake ya kliniki, dalili za hatari zimeandikwa humo, nikamsomea mama moja moja. Mama: atapimwa hukohuko Mngeta, mume wake yuko njiani kumchukua. Nikasoma tena, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Baba akauliza kutoka chumbani nani anapiga kelele. Nikatoka barabarani nikasimamisha bajaji. Mimi — ambaye hata darasani sinyooshi mkono! Levina akapanda mwenyewe. Mama akatukimbilia, akapanda naye, mguu mmoja hauna ndala.

Presha mia na themanini kwa mia na kumi na tano. Wamemwingiza ndani mbio. Wanasema huenda mtoto akatolewa leo, au huenda — nesi wa hapa hakumaliza.

Baadaye akatoka na karatasi, akauliza habari za sikio. Mama akaanza, "Alianguka—"

Nikasema kapigwa kofi na mumewe. Nikasema na siku. Nesi huyu hakucheka. Alitaka jina langu kamili, akasema polisi wataniuliza. Nimelitaja. Lilitoka zima.

Mama amehamia mwisho wa benchi.

Lukelo ameingia getini. Anataniana na mlinzi. Anakuja. Kafika, kasimama mbele yangu, ncha za viatu vyake naziona chini ya daftari. Mama ananong'ona, "Mwamkie shemeji yako."

Anasubiri shikamoo yake. Haondoki.

Sijainua kichwa. Naandika.