Kumbe Shija na Kabula Ni Ndugu

...basi, kama nilivyokuwa naanza kukueleza Jumanne kwenye kipindi chako cha redio kabla simu haijakatika, Shangazi Serafina, si kwamba nimeichoka ndoa, hapana, ndoa yangu ina wiki saba na kila asubuhi nikimwona Mayala anapiga mswaki pale nje namshukuru Mungu, ninachoomba unisaidie ni namna ya kumwambia kwamba aliyemharibia jina hapa Kharumwa ni mimi mkewe.

Mume wangu ndiye anayetafsiri filamu kwenye banda la video la Masudi, anakaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti, wale wa kwenye filamu wanaongea kikwao na yeye anatuambia kwa Kiswahili, na Kisukuma kidogo pale panapochekesha. Filamu inayojaza banda kuliko zote ni Upanga wa Bonde la Mvua, ni ya mapanga na farasi kutoka mashariki ya mbali, ina sehemu tisa, na kwa kuwa majina yao hayatamkiki, Mayala alimwita yule kijana Shija na yule msichana Kabula. Shangazi, watu hapa wanawapenda hao wawili kama watoto wao wa kuzaa. Mimi nilimpenda Mayala siku ya sehemu ya nne, Shija amesimama mvuani mlangoni kwa Kabula, halafu ile sauti ikasema, "Kabula, sina hata ndama, lakini nikiwa na wewe zizi langu limejaa," nikalia mpaka kitenge kikalowa, na siku ya harusi yetu MC alitangaza, "Shija na Kabula wanaingia!" na ukumbi mzima ukasimama.

Sasa mwezi uliopita kampuni kubwa ya ng'ambo, yenye chaneli zake na programu yake ya kwenye simu, imenunua Bonde la Mvua lote na kulitoa upya likiwa na Kiswahili chao rasmi. Watu wakagawanyika kama Wagika na Wagalu, vile vyama viwili vinavyoshindana kwenye ngoma za Kisukuma, wengine wanasema afadhali, picha imekuwa safi, wengine wanaapa hawatagusa kitu kilichonunuliwa na matajiri, na Masalu anayeuza vocha akaandika kwa chaki kwenye mlango wa banda: KABULA HAUZWI. Mimi na mume wangu tuliapa pamoja kwamba hatutaangalia. Lakini alipokwenda Samuye kuwasalimia wazazi wake siku mbili, upweke ukanizidi, nikasema niangalie ile sehemu ya nne tu, ili nimkumbuke. Shangazi, mvua ile ile, mlango ule ule, Shija akafungua mdomo akasema, "Dada, mama anaumwa, turudi nyumbani."

Dada! Ni ndugu wa tumbo moja! Nikaangalia na sehemu nyingine, ni hivyo hivyo, hakuna mapenzi hata chembe, kumbe Mayala hajui ile lugha hata neno moja na miaka yote alikuwa anatunga.

Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa chini, na kesho yake Mama Blessing akiwa ananisuka nikamwambia, nikamwapisha asimwambie mtu, na kabla hajamaliza upande wa pili wa kichwa wanawake watatu walishaingia na kutoka, jioni banda zima linajua ila hakuna anayejua habari imeanzia wapi. Mayala aliporudi na kushika kipaza sauti wakampigia miluzi, "Muongo! Muongo!" na Luka, aliyekuwa msimamizi wetu wa harusi, akapaza sauti kwa utani tu, "Bwana Shija, dada yako tuliyekuozesha hajambo?" banda likaangua kicheko. Mpaka leo nikienda bombani naulizwa, "Noela, kaka yako ameamkaje?" Mimi nacheka, Mayala hacheki. Amerudisha kipaza sauti kwa Masudi. Anaamini Luka ndiye aliyeangalia na kueneza, hawasalimiani, na juzi Luka alikuja mlangoni na chupa ya maziwa, Mayala akamwambia, "Rudi nayo kwako," na mimi nilikuwa nimesimama pale pale, Shangazi, nikanyamaza.

Na Jumatatu anaondoka. Amepata nafasi kwenye duara, yale mashimo ya dhahabu ambayo watu wanashuka kwa kamba, yeye ambaye akipanda ngazi kurekebisha bati anapata kizunguzungu. Nikimwambia ni mimi, ataniamini tena? Nikinyamaza amepoteza rafiki, na la pili sitaki hata kuliandika. Na kuna kingine kinaniuma, yale maneno ya zizi niliyoyalilia, kumbe hayakuwepo. Nampenda mpaka naona aibu kuandika. Nifanye nini?

Noela, Kharumwa

*

Noela, mwangaluka, na hongera kwa ndoa. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka fundi mitambo wa hapa redioni akachungulia. Mara ya pili nilipofika kwa Luka na chupa yake mlangoni, kicheko kikakatika.

Hapo ndipo lilipo kosa lako. Kuangalia filamu si kosa, hata kama uliapa. Ulimkumbuka mumeo, nani atakulaumu? Mdomo wako kwa Mama Blessing ni upuuzi, na kuanzia leo ukienda kusuka ongea habari za nyanya na mvua. Lakini kusimama kimya huku mtu asiye na hatia anafukuzwa mbele yako, mtu aliyekusimamia kanisani? Hilo, binti, lilinikera, na najua limekukera na wewe ndiyo maana umeandika.

Hao wanaopiga miluzi usiwaogope. Ni wale wale walioandika kwenye mlango kwamba Kabula hauzwi. Wamekasirika kwa sababu walipenda. Asiyejali angekwenda zake kuangalia mpira. Ile kampuni imenunua farasi, mapanga na mvua, ni mali yake, iache ifaidi. Kabula hakuwa kwenye mzigo ule. Kabula ametokea Kharumwa.

Halafu unaniambia maneno ya zizi hayakuwepo! Wewe unayejua kuandika barua ndefu hivi! Uliyasikia kwa masikio yako, ukalia. Kama hakuyasema yule mcheza filamu, aliyasema nani? Mwanamume amekaa gizani, hana hata ndama, anajieleza mbele ya banda zima, na wewe ukadhani ni televisheni inayoongea. Nenda ukamuulize alikuwa anamwambia nani. Mimi nina jibu langu, lakini si mimi niliyeolewa naye.

Sasa sikiliza. Jibu hili nakutumia wewe kwanza, redioni nitalisoma kesho. Utamwambia leo, usingoje Jumapili jioni begi likiwa mlangoni. Usianze na pilau, wala usianze na machozi. Sema hivi: "Niliyeangalia ni mimi, niliyesema ni mimi, Luka hana kosa." Kisha nyamaza. Akinuna, mwache anune, ana haki ya siku moja au mbili. Usimfuate na meseji za mioyo. Akipoa, nendeni wote wawili kwa Luka, kwa miguu, na mumeo ndiye aanze kusema samahani, kwa kuwa ndiye aliyemfukuza. Wewe ufuate.

Kuhusu duara, mwambie wazi kwamba unaogopa. Wachimbaji wanashuka kwa kazi, wakiwa wametulia na wanajua wanachofanya. Anayeshuka kwa sababu amezomewa anawahatarisha na wenzake walioshika kamba. Kama anataka kazi ya mgodini kweli, aitafute baada ya kupatana na watu, na iwe ya huku juu, si ya shimoni.

Na Mayala, najua unasikiliza au utasikia kwa majirani: na wewe una lako. Uliwaambia watu unatafsiri, kumbe unatunga. Simama banda likijaa, useme hivyo kwa mdomo wako. Mwambie na Masudi kwamba filamu ya watu haionyeshwi bila ruhusa, sasa wala zamani. Halafu izime hiyo televisheni, ushike kipaza sauti, uwasimulie Shija na Kabula bila picha, uone nani atatoka nje. Sikuahidi kazi redioni. Nasema tu kwamba nataka kusikia.

Nina safari ya Geita. Nitapinda njia nifike Kharumwa kabla mwezi huu haujaisha, Noela, niulize nyumba yenu ni ipi, nikute mumeo yuko juu ya ardhi.